Kujitolea kutunza kijani cha Mwanza: njia nne, uchague ipi?

Mwanza haina upungufu wa watu wa kupanda miti. Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na masika yakishika utaona miche ikishushwa shuleni, kwenye zahanati, kando ya barabara na kwenye viwanja vya wazi. Tunachopungukiwa ni watu wa kurudi. Masika hukata kuelekea mwisho wa Mei, kisha kuanzia Juni mpaka Septemba jua linapiga udongo mwembamba uliolalia miamba, na mche uliopandwa Aprili kwa shangwe unakauka Agosti bila mtu kugundua. Bustani nazo ni hivyohivyo. Zinafyekwa ugeni unapokuja, wiki chache baadaye mapipa yamejaa na mbuzi wamerudi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ajitolee wapi, swali langu la kwanza ni Julai atakuwa wapi. Wapo wanafunzi wa Malimbe ambao chuo kikifungwa wanarudi kwao Kagera, Mara au Shinyanga. Wapo wafanyabiashara wa dagaa ambao giza la mwezi likiingia hawana muda wa kitu kingine. Wapo wastaafu wa Isamilo wanaokaa hapahapa mwaka mzima. Hawa wote wana moyo, lakini kazi ya mmoja haimfai mwenzake. Hapa nazilinganisha njia nne zilizo wazi kwa mkazi wa Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji letu. Sitazipa nafasi sawa, maana hazina uzito sawa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Ilitokana na uamuzi wa kuifanya Sikukuu ya Uhuru ya 9 Desemba 2015 kuwa siku ya usafi nchi nzima, na tangu 2016 Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi imebaki kuwa ya kazi hiyo. Huhitaji kikundi, barua wala mchango. Unatoka na fagio lako la chelewa, reki au chepe, unamkuta mwenyekiti wa mtaa, mnafanya kazi saa mbili tatu, kila mtu anarudi kwake.

Faida yake kubwa iko kwenye mitaro kuliko kwenye bustani. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko. Maji ya mvua yanashuka kwa kasi kutoka milimani, yanazoa kila yanachokikuta, yanaingia mto Mirongo unaokatiza makazi na mji, na mwisho wake ni ziwani. Chupa iliyotupwa mtaroni Mabatini, mvua ikinyesha usiku, asubuhi inaelea ziwani. Mtaa ukizibua mitaro yake vizuri Septemba, kabla vuli haijaanza Oktoba, umeutunza ufukwe bila hata kuukanyaga.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza inajulikana: taka zikikosa gari siku hiyohiyo, zinabaki kando ya barabara, mbwa na kuku wanazitawanya, mvua inazirudisha zilikotoka. Kabla hamjaanza, mtendaji wa mtaa aulizwe gari linapita saa ngapi. Kama hakuna uhakika, fanyeni eneo dogo na kila kitu kifungwe kwenye viroba.

Ya pili haisemwi vya kutosha. Fyekeo la siku ya usafi linaua miti. Nenda kwenye kiwanja chochote chenye miti michanga, inama uangalie shina pale linapokutana na ardhi. Mara nyingi utaona kovu, wakati mwingine mawili au matatu, gome limechubuliwa upande mmoja au kuzunguka shina lote. Gome ndilo linalopitisha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na likikatwa mzunguko mzima mti huo umekwisha, hata kama majani yatabaki ya kijani kwa wiki kadhaa na kumdanganya kila anayepita. Aliyefyeka hakuwa na nia mbaya. Nyasi zilifika kiunoni, alikuwa na haraka, na hakujua kama kuna mche. Kinachotakiwa ni kidogo sana: siku moja kabla, watu wawili wapite wakichomeka kijiti kilichopakwa chokaa kando ya kila mche, na nyasi za kuzunguka shina, kama hatua moja kila upande, zing'olewe kwa mkono.

Kikundi kinachokabidhiwa eneo

Anayetaka kuona bustani ikibadilika na ikabaki hivyo, njia yake ni hii. Watu kumi au ishirini, wawe wanakwaya, vijana wa kijiwe cha bodaboda, wafanyakazi wa ofisi moja au majirani, wanakubaliana na mwenye eneo kwamba bustani fulani, kipilefti fulani au uwanja fulani mdogo watautunza wao. Ni nzito kuliko zote nne na naiamini kuliko zote.

Ugumu unaanzia kwenye kujua eneo ni la nani. Bustani za katikati ya mji ziko chini ya Halmashauri ya Jiji, yaani upande wa Nyamagana. Ukifika Kirumba, Pasiansi au Bwiru, uko kwenye Manispaa ya Ilemela, iliyoanza kujitegemea mwaka 2012. Barabara kuu zina TANROADS, za mitaani zina TARURA, na nyasi zilizo mbele ya ofisi ya umma zinaweza kuwa za ofisi hiyohiyo. Kikundi kinaweza kupanda maua mwaka huu kwenye hifadhi ya barabara, mwakani kijiko kikaja kuchimba mtaro palepale, na hapatakuwa na wa kulalamikiwa kwa sababu hakuna aliyeomba ruhusa.

Mlango ni ofisi ya serikali ya mtaa. Barua inapita kwa mtendaji wa mtaa, inakwenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambako watu wa mazingira wanaitolea maoni. Diwani asiachwe nyuma. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuwaelekeza kuhusu katiba ya kikundi na usajili. Inachosha, najua, lakini karatasi hiyo ndiyo itakayowalinda siku mtu atakapoleta mbao na mabati kujenga banda la vinywaji katikati ya bustani yenu.

Kwenye makubaliano yenyewe, msisaini kabla hamjalimaliza suala la maji. Nyasi na maua vinakunywa maji kila jioni wakati wa kiangazi, na bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, haijui kwamba nyinyi mnajitolea. Nimeona vikundi vyenye ari kubwa vikichangishana bili ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa kusukumana, ya tatu haikulipwa, na bomba likifungwa kikundi nacho kimekufa. Ombeni halmashauri ibebe bili, au mfadhili wa jirani, hoteli au duka kubwa, aahidi kwa maandishi. Ikishindikana, badilisheni mimea. Ukoka, bogenvilia na mwarobaini vikishashika vinavumilia kiangazi cha hapa. Bustani ya kivuli na viti vya kukalia, hata bila maua mengi, inawafaa watu kuliko vitanda vya maua vilivyokauka. Taka nazo ziandikwe: kikundi kinakusanya, halmashauri inabeba, siku fulani ya wiki.

Kuna jambo jingine ninalolishikilia kwa nguvu. Eneo libaki la umma, wazi, bila kiingilio. Vikundi vingine vikishapata eneo vinashawishika kuweka geti, kukodisha viti, kutoza wanaopiga picha za harusi au kugeuza kona moja kuwa maegesho. Mama anayemsubiri mwenziwe kabla ya kupanda kivuko cha Kamanga, mtoto akiwa mgongoni, ana haki ya kukaa chini ya mti huku akilitazama Jiwe la Bismarck bila kuulizwa risiti.

Mfano wa kujifunza uko Nairobi. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kujengwa ndani ya Uhuru Park, na halikujengwa. Januari 1999 alipigwa na kuumizwa akiutetea msitu wa Karura usigawiwe watu binafsi. Leo msitu huo una zaidi ya hekta 1,000 na wananchi, kupitia jumuiya ya Friends of Karura Forest, wamekuwa wakiutunza pamoja na Kenya Forest Service. Cha kuchukua pale ni huo ubia: ardhi inabaki ya umma, wananchi wanakuwa na sauti na majukumu. Kiingilio chao tusikichukue. Msitu mkubwa wenye uzio na askari una gharama zake. Bustani ya viti kumi haina.

Na wale mnaowakuta pale, mama lishe, muuza kahawa, fundi viatu, vijana wa bodaboda, msianze kwa kuwafukuza. Ruhusa ya biashara ni mambo yao na halmashauri. Kwenu nyinyi, hao ndio watu wa pekee walioko kwenye bustani saa nane mchana Jumanne ya Julai. Wapeni pipa, wafundisheni kwa nini maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni na mafuta yasimwagwe kwenye shina, waingizeni kwenye kikundi. Muuza kahawa aliyeambiwa kwamba mti ule ni wake atamzuia mbuzi kabla hujapigiwa simu.

Kuhusu muda, hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyohofia. Mkiwa 14, kila mmoja akatoa jioni moja kwa wiki, bustani inapata watu wawili kila siku. Mkiwa watano, msiombe bustani nzima. Ombeni kona.

Kulea miti iliyokwishapandwa

Hii ndiyo njia ya mtu mmoja, au familia moja, asiyependa vikao. Ushauri wangu hapa unaweza kuonekana wa ajabu: usipande. Nenda shule iliyo karibu, au zahanati, mwone mwalimu mkuu au mganga mfawidhi, omba miche mitano iliyopandwa mwaka huu uilee wewe. Hakuna atakayekukatalia.

Mche mmoja wakati wa kiangazi unatosheka na ndoo ya lita 20 kwa wiki, ukiigawa mara mbili, asubuhi mapema au jioni. Miche mitano ni ndoo tano kwa wiki, kazi ya watoto wawili na toroli. Jenga kingo ya udongo kuzunguka shina ili maji yasikimbilie mteremkoni. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ila ziache kama kiganja mbali na shina, maana zikiligusa zinaleta kuoza na mchwa. Zungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Ukivuka nao kiangazi cha kwanza na cha pili, mizizi inakuwa imefika chini ya kutosha na unaweza kuhamia kwa wengine.

Kama lazima upande, chagua mti kwa kivuli na mahali. Miashoki imejaa kila geti kwa sababu inasimama vizuri kwenye picha, lakini kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja. Mwembe, mwarobaini, mjohoro au mkangazi unakupa kivuli cha kweli. Mkuyu ni mti mzuri wa bondeni na ndege wanaupenda, ila usiusogeze karibu na ukuta wala bomba. Mikaratusi iache kabisa ndani ya mji.

Na kwenye vilele vya mawe, punguza mkono. Vichaka vya asili vilivyojishika kwenye nyufa ndivyo vinavyozuia udongo, na ndimo wanamoishi pimbi na yule mjusi wa miamba ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la Mwanza. Kazi yako kule juu ni kuokota taka na kuzuia moto.

Ufukweni

Ufukwe unavuta watu wengi, hasa vijana, kwa sababu matokeo yanaonekana siku hiyohiyo: asubuhi plastiki, mchana mchanga. Lakini ndiyo njia yenye hatari zaidi, na watu wanaiingia kwa wepesi mno.

Hatari ya kwanza ni kichocho. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, yaani palepale mnapokwenda kuokota chupa na kung'oa magugu. Vimelea vinaingia kupitia ngozi, bila kidonda, bila kuhisi kitu. Asiye na gambuti abaki nchi kavu, na wanaoingia majini wawe na glavu ndefu. Mkiongoza watoto wa shule, watoto wafanye kazi juu ya mchanga tu. Kila anayegusana na maji hayo mara kwa mara aende akapime kituo cha afya. Nyoka kwenye matete na mamba kwenye baadhi ya ghuba ni hatari za kweli pia, na wavuvi wa eneo wanajua ziko wapi. Ndiyo sababu msiende ufukweni bila kuzungumza na BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika. Mkipita kwao mnapata mtumbwi, mnapata mtu anayeyajua maji, na hamgombani na wanaoanika dagaa.

Gugu maji lina masharti yake. Liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwenye maji yenye joto na uchafu mwingi linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Kulivuta na kuliacha ukingoni ni kazi bure, wimbi linalirudisha. Libebwe mbali na maji, likaukie huko, na mahali palepale parudiwe kabla halijafunga tena. Kwa hiyo kikundi kinachokwenda ufukweni mara moja kwa mwaka kiokote plastiki, gugu kiwaachie watakaorudi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wa kujitolea wanapaswa kuijua kwa pande mbili: inawapa nguvu ya kumripoti anayejenga au kumwaga kifusi humo, na inawakumbusha wenyewe wasimwage zege la viti na vibanda. Ziwa lenyewe halikubali ukaidi. Lilipopanda mwaka 2020 hadi kiwango kisichokuwa kimewahi kurekodiwa, kila kilichokuwa kimesogezwa kwenye ukingo kililoa. Matete na mafunjo yaliyopo yaachwe, yanachuja maji na samaki wadogo wanajificha humo.

Wengine huniuliza kuhusu kisiwa cha Saanane, kwa sababu kiko mbele ya macho pale Capri Point. Ile ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, iko chini ya TANAPA. Anayetaka kusaidia kule awasiliane na hifadhi na afuate utaratibu wao.

Ukizisimamisha pamoja

Kwa fedha, usafi wa mwezi na kulea miti karibu havigharimu kitu. Kikundi cha bustani kinahitaji fyekeo, reki, toroli, mpira wa maji na mtu wa kubeba bili. Ufukweni gharama iko kwenye vifaa vya kinga, na hiyo haikatwi.

Kwa muda, usafi unakuomba asubuhi moja kwa mwezi, miti inakuomba dakika chache mara mbili kwa wiki lakini bila kukosa kwa miezi minne, bustani inakuomba jioni moja kila wiki mwaka mzima, pamoja na vikao. Ufukwe unategemea: plastiki inakusubiri, gugu halisubiri.

Mwanafunzi anayeondoka chuo kikifungwa achague usafi wa mwezi na ufukwe, na asikubali kuwa katibu wa kikundi cha bustani. Mzazi mwenye watoto wa shule ya msingi achukue miche mitano. Mfanyakazi mwenye ratiba isiyobadilika, mstaafu, na kijana wa kijiwe anayeshinda mahali pamoja ndio watu wa bustani. Mfanyabiashara anayesafiri akabidhi mpira wa maji na alipe bili, huo nao ni utunzaji kamili. Na kikundi kipya kabisa, ambacho bado hakijajua nani anadumu na nani ni wa picha, kianze na miezi mitatu ya Jumamosi za usafi katika eneo kinalolitaka kabla ya kuandika barua yoyote. Watakaobaki baada ya hapo ndio mkaandike majina yao.

Barua ipelekwe Julai au mwanzoni mwa Agosti, ili majibu yawakute kabla ya vuli, mashimo yachimbwe Septemba na samadi iwe imeshakaa ardhini mvua za Oktoba zikifika. Na kabla ya kusaini, nendeni wote mkakae kwenye eneo hilo alasiri moja ya kiangazi, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Mtajua kivuli kiko upande gani, bomba linatoa maji au halitoi, mbuzi wanaingilia wapi, na nani anashinda pale.